Swali la Kwanza Nililoliruka

Bwana asifiwe! Ndugu zangu, wa huku mbele nimewasikia, wa kule mlangoni bado mnaota jua. Bwana asifiwe tena! Haya, sasa tuko pamoja.

Kwa wasionifahamu, mimi ni Mama Nakundwa. Natoka Chome, kule juu ambako ukungu unaingia ndani bila kubisha hodi. Nimeshuka hapa Same kwa sababu leo viongozi wa jumuiya wanapewa miongozo mipya ya kujifunza Biblia, na mchungaji aliuliza kama kuna mwenye ushuhuda kuhusu vijitabu hivi. Nikanyoosha mkono. Nadhani alitegemea ushuhuda wa kupigiwa makofi. Mchungaji, unisamehe. Wangu ni wa machozi, na nitausema wote, maana nikisema nusu nitakuwa nimerudi kulekule alikonitoa Bwana.

Ndugu zangu, mimi nimekuwa kiongozi wa jumuiya kwa miaka mingi. Jumuiya yetu ni nyumba kumi na mbili. Tunakutana kila Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Tunaimba, tunasoma somo, tunaomba, tunakunywa uji, halafu kila mtu anachukua jembe lake. Nilipochaguliwa niliitwa kwenye mafunzo ya siku tatu. Nikarudi na cheti, nikakitundika ukutani juu ya picha ya marehemu mume wangu, hapohapo mgeni akiingia akione. Nikarudi pia na mwongozo wa kiongozi. Wenzangu walikuwa na kijitabu chenye maswali tu. Changu kilikuwa na majibu nyuma. Majibu nyuma, ndugu zangu! Niliyapenda majibu yale kuliko nilivyozipenda Zaburi. Mtu akijibu tofauti na yaliyoandikwa nyuma, nilikuwa natabasamu kidogo, namwacha amalize, kisha namsahihisha mbele ya watu.

Sasa sikilizeni kosa langu, maana huenda na wewe unalifanya. Kila somo katika kijitabu kile lilianza na maneno ya Biblia yaliyopigwa chapa kwa herufi nene, kisha maswali sita. Swali la kwanza lilikuwa lilelile katika kila somo: nani anasema maneno haya, na anamwambia nani? Mimi nilikuwa naliruka. Niliona ni swali la watoto wa shule ya Jumapili. Halafu watu walikuwa na haraka. Ukifika wakati wa kupalilia maharage, kila mtu anatazama dirishani kuona jua limefika wapi. Kwa hiyo nilikuwa nasema, "La kwanza tunalijua, twende la pili," na wote wanafurahi.

Wote isipokuwa Bibi Nanzia. Huyu ni jirani yangu, mzee sana, macho yameshafungwa na mtoto wa jicho, na hata yalipokuwa yanaona hakuwahi kufundishwa kusoma. Ni mkali, anagombana na mbuzi, anagombana na redio. Kwa kuwa alikuwa haoni kilichoandikwa, kila Jumamosi nikimaliza kusoma yale maneno ya herufi nene alikuwa anauliza, "Anayesema hayo ni nani?" Namjibu, "Biblia ndiyo inasema, bibi." Anaguna, anasema jambo kwa Kipare, watu wanacheka, tunaendelea. Moyoni nilikuwa nasema bibi huyu anatupotezea muda. Bwana anisamehe.

Nakundwa ni mtoto wangu wa kwanza. Alikuwa anaimba sauti ya kwanza kwenye kwaya, na akiimba hata mimi mama yake nilikuwa nageuka kumtazama. Baba yake alipofariki alishuka hapa mjini kujifunza cherehani, na hapa akakutana na Hamisi, kijana wa kijiji cha Bendera, mkulima, Mwislamu. Wakafunga ndoa bomani. Mimi sikwenda. Nilisema kwa sauti, jirani wasikie, kwamba mtoto wangu amemwacha Mungu. Hakuwa amemwacha, alikuwa bado anasali asubuhi na jioni, lakini hilo sikuuliza. Wala sikuuliza Hamisi ni mtu wa namna gani. Nilikuwa na majibu nyuma hata ya mambo ambayo hayakuwa kwenye kijitabu.

Wakapata mtoto wa kike, wakamwita Rehema. Nakundwa alikuwa ananitumia picha kwenye simu. Rehema amefunikwa kanga. Rehema ameota meno mawili. Rehema amesimama ameshika mguu wa kiti. Nilizitazama zote, tena zaidi ya mara moja, na sikujibu hata moja. Aliponipigia akisema anataka kumpandisha Chome nimwone, nilimwambia atengeneze kwanza mambo yake na Mungu, ndipo aje. Mtoto akafika mwaka na nusu. Ndugu zangu, sikuwahi kumbeba. Nalisema hili nikiwa nimesimama wima lakini ndani nimelala chini.

Jumamosi moja tukafika somo la tisa. Lilikuwa linahusu mateso. Yale maneno ya herufi nene yalikuwa makali na matamu kusoma. Yalisema kwamba asiye na kosa haangamizwi, na kwamba anayeteseka akumbuke alichokitenda. Niliyasoma kwa sauti kama niko mimbarini. Bibi Nanzia akauliza swali lake, nikampa jibu langu, tukacheka. Tukafanya la pili na la tatu. Maswali matatu ya mwisho yalituelekeza tusome sura nyingine mbele, lakini jua lilikuwa limeshapanda, nikasema kila mtu akayafanye nyumbani. Hakuna aliyeyafanya. Mimi mwenyewe sikuyafanya. Nilichofanya ni kuchukua kalamu nyekundu na kuyapigia mstari yale maneno makali.

Jumatatu simu ikaita. Ni Hamisi. "Mama, shikamoo." Nikaitikia marahaba kwa ubaridi wangu. Kisha akasema, "Mama, Rehema ametutoka." Homa ya siku mbili. Walimkimbiza hospitali, wakafika, wakahangaikiwa, lakini mtoto alikuwa ameshachoka.

Gari la kushuka kutoka kwetu huondoka alfajiri tu, na la siku hiyo lilikuwa limekwenda. Mtoto alizikwa jioni ileile kama ilivyo desturi ya upande wa baba yake. Mimi nilifika Bendera kesho yake, jua linawaka, vumbi mpaka kwenye meno. Kwenye mfuko nilikuwa nimebeba maharage ya msibani, kitenge, na mwongozo wangu.

Nilimkuta Nakundwa amekaa kwenye mkeka katikati ya wanawake wa jirani. Alipoona nimeingia aliinua mikono yote miwili, kama mtoto anayetaka kubebwa. Nilimkumbatia, ndiyo. Nililia, ndiyo. Lakini nilikuwa kiongozi wa jumuiya, na nilidhani kiongozi hawezi kwenda msibani na kulia tu. Nikakaa, nikafungua mfuko, nikatoa kijitabu, nikafungua somo la tisa, nikasoma yale maneno yenye mstari mwekundu. Niliyasoma polepole, wanawake wote wakisikia. Nikamwambia, "Mwanangu, huu ndio wakati wa kujichunguza."

Nakundwa alinitazama. Machozi yalikauka palepale, niliyaona yakikauka. Akaniuliza, "Kwa hiyo Mungu amemuua mwanangu kwa sababu yangu?"

Nikajibu, "Sijasema mimi. Biblia ndiyo imesema."

Ndugu zangu, hayo ndiyo maneno niliyomwambia mtoto wangu siku moja baada ya kumzika mtoto wake. Hakupiga kelele. Aliinuka, akaingia chumbani, akafunga mlango. Mama yake Hamisi, mwanamke mpole ambaye sikuwa nimewahi hata kumsalimia, akanisogezea sahani ya chakula na kusema, "Kula mama, umetoka mbali." Nilikula. Sijui niliwezaje, lakini nilikula.

Tangu siku ile Nakundwa hakuongea na mimi. Nikipiga simu, anapokea Hamisi. "Shikamoo mama. Yupo. Anasema hawezi." Mwezi ukapita, ikapita miezi, mwaka ukaisha. Jumamosi niliongoza jumuiya kama kawaida. Watu walinipa pole, wakasema binti yako ana moyo mgumu, nami nikaitikia. Makande yangu nilikuwa napika ya mtu mmoja, na hata hayo yalikuwa yanabaki.

Halafu siku moja Hamisi akanipigia mwenyewe. Akasema Nakundwa ana mimba ya miezi saba na hajakanyaga kliniki. Hataki nguo ya mtoto iingie ndani ya nyumba. Majirani wakimtania kuhusu tumbo, anawaambia wasilizoee, Mungu bado hajamaliza naye. Ameacha kusali. Hamisi akasema, "Mama, mimi maneno uliyomsomea siyajui vizuri. Lakini yamemfunga. Kama kuna namna ya kuyafungua, nakuomba uje uyafungue."

Hapo ndipo nilipojua nimefika mwisho wa barabara. Maana ningeyafunguaje? Niliamini ni neno la Mungu. Kama Mungu amesema, mimi ni nani nikaseme hakusema? Niliomba, nikafunga, nikakosa hata la kumwambia Bwana. Nilimtaka mtoto wangu na nilikuwa naogopa kwamba nikimfuata nitakuwa nampinga Mungu. Nilikonda mpaka nguo ikawa inanivuka begani.

Katika hali hiyo, kijitabu chetu kilikuwa kimeisha na kingine hakijaja, kwa hiyo tulikuwa tumeanza upya tangu mwanzo. Jumamosi iliyofuata, somo likawa lipi? La tisa. Na zamu ya nyumba ilikuwa ya Bibi Nanzia. Nilitaka kuliruka somo lote, nikaona aibu. Nikasoma yale maneno mekundu, safari hii sauti haikutoka kama ya mimbarini.

Bibi Nanzia, kama ada yake: "Anayesema hayo ni nani?"

"Biblia ndiyo inasema, bibi."

Leo hakuguna. Alipiga fimbo chini. "Biblia haina mdomo! Ndani yake wanaongea watu wengi, hata nyoka ameongea humo, nilisikia kwa masikio yangu. Mimi sioni, wewe unaona. Nitazamie ni mdomo wa nani!"

Watu walicheka. Nami, ili tu kumnyamazisha, nikaacha kijitabu nikafungua Biblia yenyewe, kitabu cha Ayubu, nikarudi nyuma mistari michache kutafuta jina. Anayesema ni Elifazi. Nani huyo? Nikarudi nyuma zaidi. Ni rafiki wa Ayubu, aliyemwendea wakati Ayubu amefiwa na watoto wake. Nilipofika hapo kwenye watoto, nikaacha kusoma. Mtu mmoja akasema, basi mama, twende la pili. Bibi Nanzia akasema hatuendi popote. Nikatazama yale maswali matatu ya mwisho tuliyoyaacha mwaka uliotangulia. Yalituambia tufungue sura ya mwisho tuone Mungu alisema nini juu ya Elifazi. Nikafungua.

Ndugu zangu! Mungu alimkasirikia! Alimkasirikia Elifazi na wenzake wawili, akasema hawakunena yaliyo sawa juu yake. Yale maneno niliyoyapigia mstari mwekundu, niliyoyabeba kutoka milimani mpaka Bendera, niliyoyasoma kwenye mkeka wa msiba, yalikuwa maneno ya mtu ambaye Mungu mwenyewe alimkemea! Na mwongozo ulikuwa unajaribu kunionyesha hilo tangu swali la kwanza. Kijitabu hakikukosea. Biblia haikukosea. Nilikosea mimi, kiongozi mwenye cheti.

Sikumaliza kusoma. Nililia nyumbani kwa watu kwa sauti ambayo sikulia hata siku ya msiba. Wengine walidhani nimepandwa na pepo, wakaanza kukemea. Bibi Nanzia akawaambia waniache, akapapasa mpaka akanipata, akanishika kichwa.

Nilipotulia nikaisoma sura ile tena na kuona jambo ambalo liliniondolea usingizi. Mungu hakumwambia Elifazi akatubu chumbani kwake, mambo yaishe. Alimwambia aende kwa Ayubu, kwa mtu yuleyule aliyemuumiza, na huyo ndiye amwombee.

Jumatatu alfajiri nilikuwa ndani ya gari la kushuka. Kijitabu nilikiacha kwa Bibi Nanzia. Nilibeba Biblia.

Nilipofika Bendera nilimwomba mama yake Hamisi awaite wanawake walewale waliokuwa msibani, maana nilimjeruhi Nakundwa mbele yao. Walikuja, wengi wao Waislamu, wakakaa kwa adabu wasijue wameitiwa nini. Nakundwa akatoka chumbani, tumbo kubwa, uso mdogo. Alikaa mbali nami, karibu na mlango. Nikapiga magoti. Mimi, mwenye magoti mabovu. Nikasema mbele ya wote kwamba maneno niliyoyasoma siku ile hayakuwa ya Mungu. Nikawasomea aliyeyasema, nikawasomea Mungu alivyomkasirikia. Nikasema, "Nakundwa mwanangu, Mungu hakumuua Rehema kwa sababu yako. Aliyekuambia hivyo ni mimi. Nilikudanganya kwa kutumia jina lake. Nisamehe."

Mama mmoja akaanza kujifuta macho. Nakundwa akasema, "Mama, nimeyalalia maneno hayo, nimeyaamkia. Kila nikipika, yapo." Akashika tumbo. "Na huyu je? Huyu naye atakwenda?"

Kwa mara ya kwanza maishani sikuwa na jibu nyuma. Nikamwambia, "Sijui, mwanangu. Sijui ya kesho. Ninalolijua ni kwamba Mungu hakuwindi."

Ndipo alipolia. Alimlilia Rehema kilio ambacho nilikikatisha siku ile ya msiba. Nilitambaa mpaka alipokaa, nikamshika miguu. Kesho yake asubuhi akaniambia, bila kunitazama, "Nisindikize kliniki." Tukaenda. Tulipita karibu na makaburi, akanionyesha kwa kidole upande aliolala Rehema. Nilisimama barabarani nikamwambia mjukuu wangu shikamoo, mimi bibi yake, kwa sababu sikujua neno jingine la kumwambia mtoto niliyemkosea.

Mtoto alizaliwa salama. Ni wa kiume, ana miezi minane, anatambaa. Nimembeba mpaka mgongo umelalamika, asante Yesu! Lakini sitawadanganya ndugu zangu ili ushuhuda uwe mzuri. Nikimbeba huyu, mikono yangu inajua kuna mmoja haikumbeba. Na Nakundwa hajarudi kusali. Kila Alhamisi ananiruhusu nimsomee kidogo kwenye simu, tunaanza na kuuliza nani anasema, tunamaliza maswali yote sita, na hapo anakata. Nilimwomba siku ile, kama Mungu alivyomwagiza Elifazi, kwamba yeye ndiye aniombee. Akasema, "Siwezi, mama. Bado." Mpaka leo bado. Namngoja. Simharakishi.

Bwana ameniokoa kutoka mdomo wangu mwenyewe. Namshukuru. Namshukuru Bibi Nanzia, ambaye amekataa katakata nimtaje kwa sifa, kwa hiyo msimwambie. Nanyi viongozi mnaopewa miongozo leo, pokeeni kwa furaha, ni vitu vizuri. Lakini msiviharakishe kwa ajili ya jembe. Fungueni Biblia yenyewe kando yake, someni kabla na baada, na mkienda msibani acheni vyote nyumbani, nendeni na mikono mitupu mkakae kwenye mkeka.

Nina neno la mwisho, nalo si kwa viongozi. Ninajua katika watu wengi namna hii kuna mama, au kuna baba, aliyezika mtoto, na mtu mmoja mwenye Biblia mkononi akamwambia ni dhambi yake. Umekaa hapo umenyamaza. Unaimba, lakini unamwogopa Mungu unayemwimbia. Ninakuambia mbele za Bwana, hakusema yeye. Mtumaini tena, hata kama ni kidogo, hata kama ni kwa hasira. Aliyekuambia maneno yale labda hatakuja kukupigia magoti. Labda ameshakufa, labda amesahau. Basi mimi nipo. Ibada ikiisha nitakuwa pale karibu na mlango. Njoo nikuombe radhi kwa niaba yake. Na kama utaweza, ndugu yangu, niombee.